Hewa Isiyoandikwa: Hesabu za Msitu wa Mgori

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ilikusudia kuufanya Mgori, msitu wa miombo wa takriban hekta 44,000 mkoani Singida, kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliona asali, dawa, kuni na miti ya kujengea vikiwaponyoka. Wakati huohuo wapasua mbao na wafyeka mashamba kutoka nje waliendelea kuingia, na maofisa wa misitu walikuwa wachache mno kuwazuia.

Mwaka 1995 mpango ukageuzwa. Vijiji vitano, vikiwemo Ngimu na Pohama, vilikabidhiwa ulinzi, kila kimoja na kipande chake, kwa msaada uliofadhiliwa na Sweden. Vikatunga sheria ndogo, vikapanga faini, na vijana wa kijijini wakaanza doria. Msitu wa Duru-Haitemba wa Babati ulikuwa umetangulia katika utaratibu huo kwa mwaka mmoja tu. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 zikaja kuutambua rasmi utaratibu huo nchi nzima.

Mapato yaliyohesabika yalikuwa ya vitu vinavyoshikika: asali, kuni, faini. Hewa haikuandikwa.

Lakini hewa ina bei. Majani hunasa vumbi na kufyonza gesi chafu. Mizizi hushika udongo usipeperushwe na upepo mkali wa kiangazi ambao Singida inaujua vyema. Mwaka 2014, watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walikadiria kuwa mwaka 2010 miti ya nchi hiyo iliondoa hewani tani milioni 17.4 za uchafu, faida ya kiafya yenye thamani ya dola bilioni 6.8. Sehemu kubwa ya uchafu iliondolewa vijijini, ila fedha nyingi zilihesabiwa mijini, kwenye watu wengi.

Kwa kipimo hicho Mgori ungeonekana wa bei rahisi. Hata hivyo, mti unaogeuzwa mkaa huleta hasara mara mbili: msitu hupoteza kichujio, na jiko la mpishi hupata moshi. Ili kupunguza hasara hizo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034.

Halmashauri na Serikali zinapopanga bajeti, hewa nayo iingizwe kwenye mapato ya msitu, na vijiji vilivyoulinda vipewe fungu la mapato hayo.