Daktari wa homa aliyekitangulia kiyoyozi

Oktoba 15 mwaka huu Makubaliano ya Kigali yanatimiza miaka 10. Yalifikiwa Jumamosi asubuhi mwaka 2016, baada ya wajumbe wa karibu nchi 200 kukesha wakijadiliana katika mji mkuu wa Rwanda, na kiini chake ni gesi inayozunguka ndani ya viyoyozi na majokofu. Kumbukumbu hii imenirudisha kwa mtu anayesahaulika kila kiyoyozi kinapotajwa: Dk. John Gorrie wa Apalachicola, Florida.

Historia ya kiyoyozi iliyotunzwa na kampuni ya Carrier huanzia Brooklyn, Julai 17, 1902. Kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms kilikuwa kinasumbuliwa na unyevu. Karatasi zilitanuka na kusinyaa kwa hali ya hewa, rangi ya pili haikuangukia pale ilipokaa ya kwanza. Mhandisi Willis Carrier, kijana wa miaka 25, alichukua koili zilizozoeleka kupitisha mvuke wa kupasha joto, akazipitishia maji baridi, na feni ikasukuma hewa katikati yake. Hewa ilipopoa, unyevu ukageuka matone juu ya koili na kudondoka. Feni koili za leo kwenye mahoteli na nyumba kubwa zinafuata kanuni hiyo hiyo: chombo kimoja ukutani au darini, maji baridi yakipita kinapoza, yakipita ya moto kinapasha.

Carrier anastahili sifa zake. Ila zaidi ya miaka 50 kabla yake, Gorrie alikuwa ameshapoza vyumba vya wagonjwa.

Apalachicola ilikuwa bandari ya pamba kwenye Ghuba ya Mexico, mji wa joto, vinamasi na mbu. Gorrie alihamia huko mwaka 1833, akawa daktari, mkuu wa posta na hata meya. Kila msimu wa joto homa ya manjano na malaria ziliwaangusha watu wake. Wakati huo ni wachache waliomshuku mbu. Lawama nyingi zilitupiwa hewa mbaya. Gorrie aliona homa hizo zinapungua majira ya baridi, akasema basi baridi nayo ni dawa.

Alining'iniza bakuli la barafu karibu na dari. Hewa ya nje ilishuka kwa bomba kutoka kwenye bomba la moshi, ikapita juu ya barafu, ikawafikia wagonjwa vitandani na kutokea kwenye tundu karibu na sakafu. Wagonjwa walipata nafuu ya joto. Ila barafu ilikatwa kwenye maziwa ya kaskazini na kuja kwa meli. Meli ikichelewa, wodi inachemka.

Akaamua kuitengeneza mwenyewe. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua pampu inavyopata moto: hewa ikibanwa hupata joto. Gorrie aliibana hewa, akaiondolea joto kwa maji, kisha akaiachia itanuke. Ikitanuka inakuwa baridi kiasi cha kugandisha maji. Mei 6, 1851 alipewa hataza namba 8080 ya Marekani kwa mashine hiyo ya barafu.

Hapo ndipo uhasama ulipoanza. Gazeti moja la New York lilimkejeli kuwa kichaa wa Florida anayedhani anaweza kutengeneza barafu kama Mwenyezi Mungu. Gorrie aliamini nyuma ya kejeli hizo kulikuwa na Frederic Tudor wa Boston, aliyeitwa Mfalme wa Barafu. Tudor alikuwa anasafirisha barafu ya maziwa hadi visiwa vya Karibi, na mwaka 1833 ilifika Calcutta. Mashine ya kugandisha maji palepale kwenye joto ingemvunjia soko. Shuku ya Gorrie haikupata ushahidi, lakini binafsi siishangai: mwenye biashara ya namna hiyo hakosi sababu ya kuichukia mashine kama ile. Mshirika aliyemtegemea kwa mtaji alifariki, wengine hawakujitokeza. Gorrie alikufa mwaka 1855 akiwa na miaka 51, hana kiwanda wala mali. Kuhusu homa zenyewe, daktari Ronald Ross alikuja kuthibitisha mwaka 1897 kwamba malaria inapitia kwa mbu, si kwa hewa mbaya. Florida nayo iliipeleka sanamu ya daktari wake katika jengo la Bunge la Marekani mwaka 1914.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1925 ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York, ulipozwa kwa mtambo wa Carrier na watu wakafurika. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipata gesi isiyowaka wala kuua kwa sumu, ikashangiliwa, hadi mwaka 1974 wanasayansi Molina na Rowland walipoonya kwamba inaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa kuidhibiti ukaja mwaka 1987. Gesi zilizoichukua nafasi yake haziligusi ozoni, lakini zinapasha dunia joto: mojawapo, R-410A, ina nguvu mara 2,000 hivi ya kabonidioksaidi. Kigali iliweka ratiba ya kuzipunguza.

Kwetu ratiba hiyo haijafika kwenye ngazi ya fundi. Nimeona kiyoyozi kinahamishwa nyumba: nati inalegezwa, gesi inatoka kwa mlio mkali, mwenye nyumba anaangalia. Bomba la kutolea maji limewekwa bila mteremko, ukuta unaloa. Kichujio hakijaoshwa tangu kifungwe, koili imeziba vumbi, umeme unaliwa bure. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam chumvi ya bahari inakula mapezi ya chombo cha nje kama hayaoshwi. Ni aibu kwa kifaa kilichogharimu watu akili na maisha yao namna hii.

Osha kichujio chako kila mwezi. Na ukimwita fundi, muulize kabla hajapanda ngazi gesi ataikusanyia wapi. Kama hana pa kuikusanyia, tafuta fundi mwingine.