Mpaka Mmoja na Makabila Mawili

Elimu ya siasa huanza kwa swali, wala haianzi kwa hukumu. Mtu asemaye kwamba makabila hugombana kwa sababu yaliumbwa yagombane amekwisha kuhukumu kabla ya kuuliza. Habari za Wachewa na Watumbuka zaonyesha jinsi swali jema liwezavyo kuipima hukumu ya namna hiyo.

Makabila haya mawili hukaa pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Mpaka huo uliwekwa na Waingereza mwaka 1891, ukafuata miinuko itengayo maji ya mto Luangwa na maji ya Ziwa Nyasa. Waliouchora hawakutazama nani alikuwa jamaa ya nani. Ndugu wakaachwa huku na huku. Mwaka 1964 nchi zote mbili zilipata uhuru, kila moja ikashika njia yake. Katika Malawi Wachewa na Watumbuka wakawa washindani wa siasa. Katika Zambia wakawa washirika.

Mtaalamu wa Marekani, Daniel Posner, aliuliza: Kwa nini watu wale wale wapatane upande mmoja, wasipatane upande wa pili? Hilo ndilo swali la utafiti. Lina mahali pake, lina kiasi chake, na jibu lake halijulikani kabla ya kutafutwa.

Nadharia iliyozoeleka ilisema kuwa tofauti za lugha na desturi huzaa uadui. Lakini tofauti hizo zilikuwa zile zile pande zote mbili, na kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya kitu kinachobadilika. Posner akatoa nadharia nyingine: kabila huwa silaha ya siasa pale lilipo kubwa kiasi cha kumfaa atafutaye madaraka. Katika Malawi Wachewa walizidi robo ya watu wote, na Watumbuka nao walitosha kuwa tegemeo la chama. Katika Zambia hakuna kabila kati ya hayo mawili lililofika sehemu moja ya kumi. Yote mawili yalihesabiwa pamoja kuwa watu wa mashariki.

Nadharia huzaa nadharia tete, yaani dhana iliyo tayari kujaribiwa, na hata kushindwa. Ikiwa Posner alisema kweli, wanakijiji wa Malawi wangekuwa wazito kuliko wenzao wa Zambia kumpigia kura ya urais mtu wa kabila la pili, au kuoana naye. Vijiji vinne vya karibu na mpaka vikachaguliwa: viwili vya Wachewa na viwili vya Watumbuka, kimoja kila upande. Kama majibu yangalifanana, dhana ingalianguka. Hayakufanana, waliokataa walikuwa wengi zaidi katika Malawi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004.

Vijiji vinne havitoshi kulieleza bara zima. Hata hivyo, vilitosha kuitia shaka hukumu ya kale iliyodai kuwa uadui wa makabila ni wa damu. Damu ilikuwa ile ile. Hesabu ya siasa ndiyo iliyotofautiana. Basi, msomaji, usikiapo neno kama hilo likitolewa kuwa ni kweli isiyo na ubishi, uliza kwanza: Je, ni ushahidi gani ungeweza kulikanusha? Neno lisilokubali kuulizwa hivyo lisikubaliwe upesi.