Karing'aring'a Masikioni: Hedifoni, kutoka jikoni Utah hadi Ngoingwa

Karing'aring'a ni pete ya chuma. Hupigwa kwa kipande kingine cha chuma, nayo ndiyo huhesabu hatua za ngoma ya mwomboko huku kodiani ikibeba wimbo. Ukisimama karibu na mpigaji unasikia vitu viwili: kwanza mgongano wa chuma kwa chuma, mfupi na mkali, kisha mlio unaobaki hewani ukififia hadi pigo linalofuata. Kwa miaka mingi, kila nilipoweka rekodi ya mwomboko nilisikia ule mgongano peke yake. Mlio haukuwako. Nilidhani ulipotea siku ya kurekodi.

Niliusikia Jumamosi moja jioni hapa Ngoingwa, mtaa wetu ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Mang'u, sebuleni kwa jirani yangu aliyestaafu kazi ya fundi umeme katika kiwanda kimoja cha Thika. Alinivisha hedifoni kubwa zenye mgongo wa wavu, akaniambia, "Sikiliza, kijana wangu, usiseme kitu mpaka wimbo uishe." Ulipoisha nikamwambia, "Mzee, kumbe ile pete inalia." Akaitikia kwa kichwa. "Hizi ni mia sita," akasema, kama mtu anayetaja namba ya gari.

Mia sita ni HD 600 ya Sennheiser, kampuni ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1997 na ambayo wapenzi wa sauti hadi leo huitumia kama mizani ya kupimia nyingine. Zake alizipata mkono wa pili, kwa jamaa aliyerudi kutoka ng'ambo. Tangu jioni ile nimekuwa nikifuatilia chombo hiki kilitokea wapi na kilifikaje kuwa kitu ambacho mtu hukusanyia akiba. Kamusi zina majina yake marefu, ila ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, utaomba hedifoni, nami nitaita hivyo hivyo.

Hedifoni hazikuzaliwa kwa ajili ya muziki. Zilikuwa chombo cha kazi, kazi ya kushika kile ambacho sikio tupu haliwezi. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mkazi wa Utah, Marekani, alilipelekea Jeshi la Majini la nchi yake jozi alizotengeneza kwa mikono. Maafisa walipozijaribu waliona zinashika ishara hafifu kuliko chochote walichokuwa nacho, wakaagiza nyingine. Baldwin akawajibu kwamba anaweza kutengeneza kumi tu kwa wakati mmoja, maana karakana yake ilikuwa jiko la nyumba yake.

Pwani yetu nayo ina ukurasa wake katika historia hii, na nasikitika kwamba wengi wetu tulimaliza shule bila kuusoma. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo. Waingereza waliokuwa huko wakinasa mawasiliano ya jeshi la majini la Japani walihamishia kazi hiyo Mombasa, wakaitwaa shule ya Allidina Visram, karibu na bahari. Kituo hicho kikajulikana kwa jina la Kilindini. Watu waliketi kwa zamu, hedifoni masikioni na penseli mkononi, wakiandika nukta na vistari vya Morse ya Kijapani vilivyotumwa kutoka upande wa pili wa bahari. Mawimbi yalifika Mombasa yakiwa dhaifu mno, dhaifu kuliko hata kule Colombo, na mengi hayakufika kabisa. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1942 waliweza kufumbua msimbo wa meli za mizigo za Japani ulioitwa JN-40. Mwaka 1943 wakarudi Colombo, na shule ikabaki shule.

Huwafikiria watu wale kila ninaposikia mtu akisema hedifoni nzuri ni zile zenye kelele nyingi. Wao walihitaji kinyume chake: kitu kidogo kilichofichwa ndani ya kelele, kifike kikiwa kizima.

Muziki uliingia polepole. Mwaka 1937, mjini Berlin, kampuni ya Eugen Beyer ilitoa DT 48, hedifoni ya kwanza yenye koili inayocheza ndani ya sumaku kama spika ndogo. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee na mhandisi Martin Lange walikuwa wakionyesha gramafoni ya kubebeka, na pembeni wakaweka hedifoni za stirio ili watu waisikilize. Watu wakazipenda hedifoni kuliko gramafoni yenyewe. Mwaka 1960 Stax ya Japani ikaja na njia nyingine kabisa: utando mwembamba uliochajiwa umeme, umening'inizwa kati ya sahani mbili zenye matundu. Na mwaka 1968 Sennheiser ikauza HD 414, nyepesi, yenye sponji za manjano na mgongo wazi, sauti ikipita mbele na nyuma bila kufungiwa ndani ya kikombe. Ile ya jirani yangu ni mjukuu wake.

Miaka hiyo yote, kwetu, kusikiliza muziki ukiwa peke yako kulikuwa jambo geni. Mwimbaji Siti binti Saad alipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya HMV, santuri zake ziliporudi Zanzibar zilichezwa gramafoni ikiwa katikati ya watu. Mwaka huo huo utangazaji wa redio ulianza Kenya, na redio moja ikawa ya ukoo mzima. Ng'ambo ya pili ya Thika, kule Gatanga, Daniel Kamau, yule DK, alianza kutoa santuri mwishoni mwa miaka ya 1960, nazo zilisikika kwenye baa, kwenye maduka na kwenye arusi. Joseph Kamaru wa Kangema naye aliimbia umati. Santuri ndogo za River Road, Nairobi, zilitengenezwa kwa ajili ya spika iliyo mlangoni mwa duka, imsimamishe mpita njia.

Hedifoni zilitufikia pamoja na Walkman, ambayo Sony iliizindua tarehe 1 Julai 1979. Kaseti ikawa ya mtu mmoja. Kaseti hiyo hiyo ndiyo iliyowaumiza wanamuziki wa River Road, maana ilinakiliwa kirahisi, na nakala ya nakala ya nakala ilikuwa na sauti ya mvua juu ya mabati. Kizazi changu kilijifunza nyimbo za wazee kupitia mvua hiyo. Halafu tukapanda matatu za 237 kwenda Nairobi, ambamo besi huingia kifuani kabla wimbo haujafika masikioni. Mimi napenda nganya, matatu zetu hizo, na sitawasikia watu wakizidharau. Ila zilitufundisha kupima sauti kwa kifua, na hedifoni haina kifua. Anayenunua hedifoni akitafuta matatu atarudi nyumbani na kitu kilichofunika kodiani, gitaa na maneno.

Jikoni tunarudi tena. Mwaka 1953 Joseph Grado, aliyekuwa fundi wa saa huko New York, alianza kutengeneza sindano za kuchezea santuri akiwa kwenye meza ya jikoni kwake Brooklyn. Baadaye jina lake likaja kuwa la hedifoni, na familia yake ingali inazitengeneza Brooklyn. Yamaha ya Japani, mwaka 1976, ilitoa HP-1 ambayo koili yake haikuviringishwa. Ilitandazwa juu ya utando mzima huku sumaku zikiuzunguka, hivyo utando ukasukumwa wote kwa pamoja. Njia hiyo ilipoa kwa muda, kisha baada ya mwaka 2000 watu wachache wakaifufua. Audeze ilianzishwa California mwaka 2008. Fang Bian naye alianzisha HiFiMAN. Huko Chicago, Zach Mehrbach alianza kwa kufungua na kurekebisha hedifoni za Fostex, na akaishia kuwa na jina lake mwenyewe, ZMF, linalosifika kwa vikombe vya mbao. Na si wote walioshika njia hiyo peke yake: Romania, katika mji wa Baia Mare, yuko Antonio Meze. Ufaransa wapo Focal, ambao mwaka 2016 walitoa Utopia yenye utando wa beriliamu.

Utopia hiyo iliuzwa Marekani kwa dola 3,999. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 515,000, kabla ya usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Sitamwambia mtu yeyote wa Ngoingwa kwamba anahitaji kitu hicho. Nitasema tu kwamba, hata chini ya bei hiyo, mtengenezaji mdogo hana wingi wa kumshushia bei: sumaku chache, mbao chache, saa nyingi za mtu mmoja mezani. Na mbao zenyewe mara nyingine ni za kwetu Afrika. Audeze LCD-3 ilivishwa pete za zebrano, mti wa Gabon na Kameruni. Mpingo wa Kilwa na Lindi, ambao Wamakonde huuchonga, ndio uliojenga klarineti na zumari za okestra za Ulaya. Mti unasafiri kwenda kuwa sauti, kisha unaturudia kwa bei ya kigeni.

Basi mtu wa huku anunueje? Shida kubwa ni kwamba mtu wa Thika hana mahali rahisi pa kuketi, hedifoni tano mezani, azilinganishe kwa saa nzima. Unanunua kwa kusoma na kuamini. Mimi niliwahi kununua jozi mjini Nairobi, kasha limechapwa vizuri, nembo mahali pake, na baada ya wiki mbili upande wa kushoto ukafa. Fundi alipozifungua tukakuta utando mdogo wa bei rahisi uliogundishwa kwa gundi ya moto. Tangu siku ile naanza na uzito, mshono na plagi kabla ya kuuliza bei. HD 600 halisi ina gramu 260 hivi. Baadhi ya zile zenye koili ya kutandazwa hupita nusu kilo, na hizo lazima uzivae dakika arobaini, maana shingo husema kweli baada ya dakika kumi za furaha.

Halafu kuna ukinzani. HD 600 ina omu 300, na simu ya kawaida huisukuma kama ng'ombe mmoja anayevuta jembe la ng'ombe wawili: litakwenda, lakini juu juu tu. Wengi huilaumu hedifoni kwa kosa hilo. Jirani yangu ana amplifaya ndogo aliyoiunda mwenyewe, na tulipoiondoa, karing'aring'a ikarudi kuwa kijiko juu ya sufuria.

Zaidi ya yote, mtu apime kwa sauti anayoijua. Wahakiki wa ng'ambo hupima kwa piano na waimbaji wao, na wako sahihi, kwa sababu piano wameisikia sebuleni kwao tangu utotoni. Mimi piano siijui hivyo. Najua kodiani, najua kwaya ya kanisa lenye paa la mabati, najua gitaa la benga pale nyuzi nyembamba zinapoanza kukimbizana. Nikilipa sikio langu kitu ambacho halijawahi kukutana nacho uso kwa uso, nitakuwa nasifia tu kinachong'aa.

Na rekodi nayo iwe safi. Santuri zenyewe zingalipo: jijini Nairobi, duka la Melodica, lililoanzishwa mwaka 1971, lipo Tom Mboya Street, na kwa muuza santuri James Rugami, pale Kenyatta Market, unaweza kupekua hadi jioni. Mjukuu wa Kamaru, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, ambaye albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020, amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake. Nyingi za zama hizo ni za mono. Sauti yote hukaa katikati ya kichwa. Usilihesabu hilo kuwa kasoro ya hedifoni. Ndani ya katikati hiyo kuna mbele na nyuma, na hapo ndipo hedifoni nzuri hujitenga na nyingine.

Hilo la mbele na nyuma sikulijua mimi. Jirani yangu aliniazima zile mia sita na ile amplifaya kwa wiki moja, nami nikazipeleka Gatanga kwa nyanya yangu, ambaye sote humwita Cucu. Ujanani alicheza mwomboko. Nilimpangusia kiti, nikamvalisha juu ya kitambaa cha kichwa, akakataa, akavua kitambaa, akazivaa vizuri. Wimbo ulipoanza, mguu wake wa kulia ukaanza kuhesabu. Nilingoja atabasamu. Alikunja uso, akasikiliza hadi mwisho, akazivua kwa mikono miwili.

"Pete imekaa karibu mno," akasema. "Uwanjani mpiga pete alisimama nyuma ya kodiani. Hawa wamemweka mbele."

"Ni hedifoni, Cucu, ama ni waliorekodi?"

"Niwekee mwingine."

Nikamwekea mwingine, wa bendi tofauti. Huo ukamridhisha. Pete ilikuwa nyuma, mahali pake.

Nilipomrudishia jirani yangu vyombo vyake nilimpa na maneno hayo. Hakujibu. Aliweka ule wimbo wa kwanza, akavaa, akafumba macho, akausikiliza wote, kisha akaurudia.

"Jumamosi mlete," akasema.