Athari ya Roseto

Athari ya Roseto ni jina linalotumika katika elimu ya afya ya jamii kwa hali ambayo watu wanaoishi kwa ushirikiano wa karibu hufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko majirani zao. Jina limetokana na mji mdogo wa Roseto, Pennsylvania, nchini Marekani.

Historia

Mji ulianzishwa na wahamiaji kutoka Roseto Valfortore, kusini mwa Italia, walioanza kufika mwaka 1882. Walifanya kazi katika machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba na kutengenezea mbao za shuleni. Waliendelea kuishi kama kwao: mababu, wazazi na wajukuu nyumba moja, mazungumzo ya jioni barazani, parokia na vyama vya kusaidiana. Aliyepata mali hakuionyesha, na aliyekwama hakuachwa peke yake.

Utafiti

Daktari wa hapo, Benjamin Falcone, alimweleza Stewart Wolf wa Chuo Kikuu cha Oklahoma kwamba ni nadra kuona ugonjwa wa moyo Roseto kwa watu wa chini ya miaka 65. Wolf, akishirikiana na mwanasosholojia John Bruhn na wengine, alilinganisha vifo vya hapo na vya miji jirani, hasa Bangor. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1964: vifo vya mshtuko wa moyo Roseto vilikuwa chini ya nusu ya vile vya Bangor.

Chakula hakikutosha kuwa sababu. Wenyeji walipikia mafuta ya nguruwe, wengi walikuwa wanene, na wanaume walivuta sigara. Maji na madaktari walikuwa wale wale wa Bangor. Hata hivyo habari hii isisomwe kama ruhusa ya kuvuta sigara; madhara yake yamethibitishwa kwa ushahidi mzito zaidi kuliko huu.

Mabadiliko

Watafiti walitabiri kuwa mila zikilegea, kinga ingepotea. Kuanzia miaka ya 1960 vijana walihamia nyumba kubwa zilizotengana, wakaoa nje ya jamii yao. Uchunguzi wa vifo vya miaka 1935 hadi 1985, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba Roseto imefikia kiwango cha Bangor.

Hoja za wapinzani

Roseto ilikuwa na watu wapatao 1,600 tu, hivyo vifo vichache vyaweza kubadilisha hesabu yote kwa bahati. Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo maana tafiti kubwa zaidi zina uzito: ule wa kaunti ya Alameda, California (1979), uliofuatilia watu wazima 6,928 kwa miaka 9, na uchambuzi wa tafiti 148 uliotolewa mwaka 2010. Zote zilikuta wenye mahusiano mengi wanaishi zaidi. Lakini mgonjwa naye hujitenga na watu, kwa hiyo si rahisi kupambanua kipi kilitangulia, upweke au maradhi.