Mtoto aliyechelewa kukua: tiba huanza mapema

Tiba ya ukuaji ni msaada wa kitaalamu anaopewa mtoto mdogo aliyechelewa kukaa, kutembea, kusema au kucheza kama wenzake. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote wenye afya huweza kukaa bila kushikwa wafikapo miezi tisa na nusu, na kutembea peke yao wafikapo miezi 18.

Sababu za kuchelewa ni nyingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, umanjano mkali wa siku za kwanza, au uziwi. Mtoto asiyesema huenda hasikii, hivyo ni lazima masikio yapimwe. Udumavu nao huchangia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016-2017 ulibaini kuwa asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Mtaalamu humwonyesha mzazi namna ya kumkalisha mtoto, kumsimamisha na kuzungumza naye. Sehemu kubwa ya tiba hufanyika nyumbani, wakati wa kumwogesha, kumlisha na kucheza naye. Mjini Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, baadhi ya watoto waliodumaa walitembelewa na wahudumu wa afya saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mama zao wakifundishwa michezo ya kumchangamsha mtoto. Miaka 20 baadaye, kipato chao kilizidi cha wenzao wasiotembelewa kwa takriban asilimia 25.

Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na tiba ya viungo. Muyinga, maktaba iliyokamilika mwaka 2012 ilijengwa kama sehemu ya mradi wa shule ya watoto viziwi. Hata hivyo, kutoka Muyinga hadi Gitega ni safari ndefu kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, unataka ulemavu utambuliwe mapema, na huduma ziwe karibu na wananchi, vijijini pia.

Tangu mwaka 2006, matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano hayalipiwi katika vituo vya umma. Mzazi anayeambiwa «ngoja, atakua tu» ana haki ya kuomba mtoto wake apimwe.