Sindano yenye mafuta ya ufuta

Mkulima wa Masasi anayepeleka ufuta wake ghalani huwaza bei, hawazi magonjwa ya akili. Lakini Modecate, sindano ambayo wagonjwa wengi wa skizofrenia wamechomwa kwa miongo kadhaa, ni flufenazini iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya ufuta. Muuguzi huisukuma taratibu kwenye kalio kwa sababu ni nzito. Mafuta hutulia msulini yakiachia dawa kidogo kidogo, wiki mbili hadi nne.

Zamani mtu wa Newala aliyerukwa na akili alikuwa na njia chache: kamba za ndugu zake, mganga, au safari ya kwenda Mirembe, hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika ilikuwa inaikata Kusini na nchi nzima pale Rufiji. Nani angemfikisha Dodoma mtu anayepambana na sauti asizozisikia mwingine?

Na hata huko Mirembe, dawa ya kuzinyamazisha sauti hizo ilichelewa kuwapo duniani. Ilipopatikana, haikuwa imetafutwa kwa ajili hiyo. Henri Laborit, daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, alitaka kitu cha kumtuliza mgonjwa wa upasuaji. Aliona dawa ya klopromazini inamfanya mtu asijali yanayomzunguka bila kumlaza usingizi. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa dawa hiyo wagonjwa wao katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na matokeo yakawashangaza. Ikauzwa kwa jina la Largactil. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958, kutoka maabara ya Paul Janssen wa Ubelgiji.

Tatizo la kidonge ni kwamba kinamtaka mtu akubali kuwa anaumwa, na ugonjwa huu mara nyingi humnyang'anya hilo kwanza. Sindano ya mafuta, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, iliukwepa ugomvi huo wa kila siku. Kwa uwanda wa Wamakonde, ambako akina mama walizoea kushuka mteremko mzima kufuata maji, mimi naona huu wa kuchomwa mara moja kwa wiki kadhaa ndio uvumbuzi uliofaa kuliko ule wa Paris.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na klopromazini, haloperidoli na flufenazini zilikuwamo. Waziri wetu wa Afya wakati huo alikuwa Leader Stirling, daktari wa misheni aliyekuja kufanya kazi Lulindi, Masasi, mwaka 1935. Miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili, uliosaidiwa na Denmark, ulijaribiwa Morogoro na Kilimanjaro ili tiba itoke Mirembe na kuwafuata watu waliko. Kusini, kama kawaida yetu, tulingoja.

Dawa hizi hazikuja bure. Shingo hukakamaa, macho hupanda juu, mikono hutetemeka, mate humtoka mtu mzima mbele ya watoto wake. Ndugu wakiona hivyo husema karogwa tena, na kliniki inaachwa. Ukimwona mgonjwa wako katika hali hiyo, mpeleke Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, au kituo kilicho karibu nawe siku hiyohiyo. Ipo dawa ya kulegeza mkakamao, na kipimo cha sindano kinaweza kupunguzwa. Usimwachishe tiba mwenyewe.