Tovuti nzito zinavyowakosesha wageni wenye kambi na hoteli Karatu

MGENI anayetaka kushuka katika kreta ya Ngorongoro huianza safari yake miezi mingi kabla ya kutua Tanzania. Huianza akiwa nyumbani kwake, München au Lyon, mbele ya kompyuta au ameshika simu ya mkononi, kwa kuandika maneno mawili matatu katika mtambo wa kutafutia habari kwenye intaneti. Orodha inayojitokeza ndiyo soko lenyewe. Aliyemo katika ukurasa wa kwanza wa orodha hiyo hupata barua pepe za kuulizia nafasi; aliye katika ukurasa wa tano ni kama hayupo.

Mji wa Karatu, ulio njiani kutoka Makuyuni kwenda lango la Lodoare, unaishi kwa kiasi kikubwa na wageni hao. Barabara hiyo ilipowekewa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, hoteli na kambi za mahema ziliongezeka kando ya mji na katikati ya mashamba ya kahawa. Nyingi kati ya hizo zina tovuti. Hata hivyo, kuwa na tovuti ni jambo moja, na tovuti hiyo kuonekana ni jambo jingine kabisa.

Asiyeonekana hakosi wageni wote. Huwapata kupitia mawakala wakubwa wa intaneti walio nje ya nchi, ambao hukata kamisheni aghalabu inayozidi sehemu ya kumi ya bei ya chumba. Kwa kambi yenye mahema manane, fedha hiyo inaweza kutosha mshahara wa mpishi na wa mlinzi. Hapo ndipo suala linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta linapogeuka kuwa la maslahi ya wilaya.

Ili kuelewa kinachoamua nafasi ya tovuti, ni vyema kufahamu kwanza jinsi mitambo ya kutafutia inavyofanya kazi. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ilipata umaarufu kwa kuihesabu tovuti kwa uzito wa tovuti nyingine zinazoitaja kwa viungo. Programu zake, zinazoitwa roboti, huzunguka usiku na mchana zikifungua kurasa, kusoma maandishi yake na kufuata viungo vilivyomo. Kilichosomwa huwekwa katika faharasa kubwa, na swali linapoulizwa jibu hutafutwa humo. Ukurasa ambao roboti haikuufikia, au iliufikia ikakuta picha tupu zisizo na maneno, hauwezi kujibu swali la mtu yeyote.

Kasi ya kufunguka kwa tovuti iliingia katika hesabu hiyo Aprili 2010, Google ilipotangaza kuwa itaitumia kama kigezo kimojawapo. Kampuni hiyo ilieleza wakati huo kuwa ni chini ya asilimia moja ya maswali ndiyo yangeguswa. Aprili 2015 ulianza kupendelewa ukurasa unaosomeka vizuri kwenye simu, Julai 2018 kasi kwenye simu ikahesabiwa, na tangu mwaka 2021 vipo vipimo vitatu vinavyojulikana duniani kote. Cha kwanza kinataka kitu kikubwa kuliko vyote katika sehemu ya juu ya ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Cha pili kinataka ukurasa uitikie mguso wa msomaji ndani ya milisekunde 200. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya kingine Machi 2024. Cha tatu kinataka maandishi yatulie mahali pake, yasirukeruke wakati picha zinaendelea kuingia.

Ikumbukwe kwamba kasi peke yake haimpandishi mtu. Ukurasa mwepesi usio na la maana hauwezi kuushinda ukurasa mzito wenye jibu analolitaka msomaji. Kasi huamua zaidi pale tovuti mbili zinapokaribiana, na huamua jambo jingine ambalo halitegemei Google hata kidogo, yaani iwapo msomaji aliyekwisha kubofya atasubiri au atarudi kwenye orodha na kumfungua jirani.

Kwa tovuti za utalii, mzigo mkubwa ni picha. Picha ya faru au ya msitu wa Lerai ikitoka moja kwa moja kwenye kamera ya kisasa huwa na megabaiti nne, tano au zaidi. Chukua mfano wa ukurasa wa kwanza wenye picha 12 za namna hiyo, kila moja ikiwa na megabaiti nne. Jumla ni megabaiti 48. Kwa mtu mwenye mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, kasi ya kawaida ya simu ikiwa mahali penye watu wengi, ukurasa huo utachukua zaidi ya nusu dakika. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana hadi ule unaoweza kuonyeshwa na kioo cha simu au kompyuta, kisha zikahifadhiwa kwa mfumo wa WebP ambao Google iliutoa mwaka 2010, kila moja inaweza kubaki na kilobaiti 150 tu. Jumla inakuwa chini ya megabaiti mbili, na muda unashuka hadi sekunde moja na nusu hivi. Faru hapungui uzuri wowote machoni pa mtazamaji.

Kinachowafanya wenye tovuti wasilione tatizo hili ni kwamba wao wenyewe hawalipati. Anayeifungua tovuti yake kila siku ofisini huiona ikifunguka papo hapo, kwa kuwa kivinjari chake kimekwisha kuhifadhi picha zote tangu mara ya kwanza. Mgeni anayeifungua kwa mara ya kwanza ndiye anayebeba mzigo wote. Njia rahisi ya kujua ukweli ni kuifungua kwa dirisha la faragha la kivinjari kwenye simu isiyo ya bei kubwa, au kuipitisha katika kipimo cha bure cha Google kiitwacho PageSpeed Insights. Kipimo hicho huonyesha pia takwimu za wasomaji halisi, ingawa tovuti ndogo mara nyingi huwa na wasomaji wachache mno kiasi kwamba takwimu hizo hazitolewi.

Zipo hatua nyingine za aina hiyo zisizo na gharama. Picha zilizo chini ya ukurasa zinaweza kuamriwa zisubiri hadi msomaji azikaribie. Vivinjari vikubwa vilianza kuelewa amri hiyo mwaka 2019. Kosa linalotokea sana ni kuiamuru hata picha ya juu kabisa isubiri, jambo linaloharibu kipimo kile kile kilichokusudiwa kuboreshwa. Kila picha itajwe upana na urefu wake katika msimbo ili kivinjari kiiwekee nafasi mapema. Vikorokoro vinavyoletwa kutoka kwa kampuni nyingine, kama vile dirisha la mazungumzo, video inayojicheza yenyewe na nyota za maoni ya wageni, vipunguzwe hadi vibaki vile vinavyoleta wageni kweli. Picha zinazopokezana juu ya ukurasa zinapendwa sana na wenye hoteli. Ni nadra mgeni kusubiri kuiona hata ya tatu.

Jambo la pili ni umbali. Kabla ya mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na nje ilipitia kwenye setelaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na swali moja kwenda na jibu kurudi lilichukua karibu nusu sekunde. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukipitia Dar es Salaam, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukasambaza mawasiliano hayo mikoani. Hata hivyo, mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde na hauwezi kuharakishwa. Mkongo wenye urefu wa kilomita 10,000 unamaanisha sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila safari ya kwenda na kurudi, na kivinjari hulazimika kufanya safari kadhaa kabla hata herufi ya kwanza haijaonekana.

Kwa hiyo, mwenye kambi ajiulize wasomaji wake wako wapi. Kama ni Wajerumani na Wafaransa, seva iwe Ulaya, au atumie huduma ya seva zilizotawanywa katika miji mingi duniani, ambazo humhudumia kila msomaji kutoka mahali palipo karibu naye. Kama ni wanafunzi na familia kutoka Arusha, Moshi na Dar es Salaam wanaotafuta chumba cha mwisho wa wiki, seva iliyo nchini ina faida yake.

Baada ya uzito na umbali yanakuja maneno, na hapa ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi. Mamia ya tovuti zinazouza safari za Ngorongoro hubeba aya zile zile: kreta ilitokana na volkano iliyobomoka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ina kina cha mita 600 hivi na sakafu yenye kilomita za mraba 260, na UNESCO iliitambua Ngorongoro kuwa urithi wa dunia mwaka 1979. Hayo ni kweli, lakini yameandikwa kila mahali. Mtambo unapokuta kurasa nyingi zinazofanana huchagua mojawapo na kuziacha nyingine nyuma, na inayochaguliwa mara chache sana huwa ya kambi ndogo ya Karatu.

Ilhali mkazi wa Karatu anajua mambo ambayo mwandishi aliyeko London hayajui. Anajua ukungu wa ukingoni hukawia kuondoka miezi gani, na kwamba magari hushukia njia ya Seneto na kupandia ya Lerai. Anajua mgeni anayekwenda Ziwa Eyasi kuwatembelea Wahadzabe aamke saa ngapi, na kama Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, panaweza kuunganishwa na safari ya kreta kwa siku moja. Kila swali la namna hiyo likipewa ukurasa wake wenye jibu lililonyooka, tovuti inapata mlango ambao wakubwa hawajauziba.

Kichwa cha kila ukurasa, yaani maandishi yanayojitokeza kwenye orodha ya utafutaji, kitaje mahali na huduma. Tovuti yenye kurasa ishirini zote zikiitwa “Karibu” haimsaidii yeyote. Aidha, bei na ratiba zisiandikwe ndani ya picha, kwani roboti haziyasomi vizuri maandishi ya namna hiyo na mtu asiyeona hawezi kusomewa na kompyuta yake. Ada za kuingia hifadhini hubadilika. Ukurasa wenye ada za zamani huzaa ugomvi langoni Lodoare na maoni mabaya baadaye. Anayelenga Wajerumani akumbuke kuwa wao huandika “Krater” na Wafaransa “cratère”, na kwamba tafsiri iliyofanywa na mashine bila kusahihishwa hutambulika na msomaji katika sentensi ya kwanza.

Mambo mengine yanaweza kupitiwa kwa haraka. Tovuti iwe na njia salama ya mawasiliano, ambayo Google iliifanya kigezo mwaka 2014 na ambayo kivinjari cha Chrome kilianza mwaka 2018 kuionya hadharani kila tovuti isiyokuwa nayo. Ukurasa ukihamishwa anuani, ile ya zamani ielekeze kwenye mpya, vinginevyo sifa iliyojengwa kwa miaka inapotea. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, wala si la kijana aliyeitengeneza, na ada yake ilipwe kila mwaka. Mahali pa kambi pawekwe sawasawa kwenye ramani ya Google bila malipo, kwani kambi nyingi za Karatu ziko ndani ya njia za mashambani, mbali na lami, na alama iliyokosewa humpeleka dereva shambani kwa mtu.

Uangalifu unahitajika kwa wanaoahidi nafasi ya kwanza kwa malipo. Google yenyewe inasema hakuna awezaye kuhakikisha nafasi hiyo, na tangu Aprili 2012 imekuwa ikizishusha tovuti zinazonunua viungo bandia. Kiungo kimoja cha kweli, kwa mfano kutoka orodha ya wanachama wa Chama cha Mawakala wa Utalii Tanzania, TATO, chenye makao yake Arusha, kina thamani kuliko mia vya kununuliwa.

Wakati mzuri wa kazi yote hii ni masika, Aprili na Mei, ambapo vyumba vingi Karatu huwa vitupu na mwenye kambi ana nafasi ya kukaa na fundi wake. Roboti zinaweza kuchukua wiki kadhaa kuzipitia upya kurasa zote. Wageni wa Julai na Agosti wengi watakuwa wamekwisha kuweka nafasi kwingine, lakini wale wa Desemba na wa msimu wa nyumbu kuzaliana Ndutu, Januari hadi Machi, bado watakuwa wanatafuta.